Mutu wa Recherche

Kitanda kilianza kuzama kabla mtu yeyote hajakamatwa. Kilikuwa kitanda cha chuma chenye springi, zawadi ya baba yake Adèle siku ya harusi, na pale mtaani kwao Vulamba, mjini Butembo, majirani waliwahi kuomba ruhusa ya kuingia chumbani kukitazama tu. Wahenga walisema mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Zacharie, mumewe, aliinama kweli. Aliingia uvunguni na koleo, akatoka na springi zilizo nene kuliko zote, akazipuliza vumbi, akasema hiyo ndiyo nguvu iliyokosekana katika mahesabu yake. Alizitoa upande wa Adèle. Tangu siku hiyo mke alilala bondeni na mume mlimani.

"Ni juu ya recherche," Zacharie alieleza.

Recherche, yaani utafiti, ilikuwa imeshakula sufuria moja, bawaba za mlango wa choo na mpini wa jembe la mama mkwe. Adèle hakushangaa kwamba sasa imefika kitandani.

Zacharie alifundisha katika Chuo Kikuu cha Ufundi na Teknolojia, ambacho watu walikiita Tekno tu, maana jina lenyewe lilikuwa refu kuliko jengo. Kilikuwa na vyumba viwili, mashine ya kukereza vyuma isiyo na umeme, na wanafunzi waliofika pale askari wasipokuwa barabarani. Utafiti wa Zacharie ulihusu breki ya chukudu. Chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili, chenye pembe za kushikia, kinachobeba magunia ya mihogo na makaa kwenye milima yote ya kule. Kikipanda husukumwa. Kikishuka, mwenyewe hurukia juu ya mzigo na kumwomba Mungu, na breki ni kisigino chake. Zacharie alitaka kuweka pale mkono wa chuma, kipande cha tairi na springi. Kwenye karatasi, chukudu chake kilisimama vizuri sana.

Ikaja amri. Ulikuwa mwaka 2001, upande ule wa nchi ukitawaliwa na waasi wenye serikali yao Beni, na hata waasi wana idara ya elimu. Idara ikatangaza kwamba kila chuo kilete "production" yake, yaani mazao, ya recherche, na kisicholeta kitafungwa. Mkuu wa Tekno, Recteur Abdias, alidhani wanataka maharage. Alikuwa ameshaagiza gunia zima ndipo akaeleweshwa.

"Donc banataka kitu yenye tulivumbua," alimwambia Zacharie. "Hawa baprof wengine biko na maneno tu. Weye njo uko na kitu ya kushika mukononi. Utaipeleka Beni."

Akampigia karatasi ya safari kwa mashine ya kuandikia ya chuo. Mashine hiyo ilikuwa imebakiwa na herufi kubwa peke yake, nazo hazina vialama juu. Hapo ndipo shetani alipojificha. Kwa Kifaransa, neno recherche ni utafiti. Lakini ukiiwekea herufi ya mwisho kijistari juu, linakuwa mtu anayetafutwa na serikali. Abdias aliandika: ZACHARIE LUSENGE, RECHERCHE. Akapiga muhuri kwa nguvu zote, na Zacharie akaondoka na lori la Jumatatu, breki yake ndani ya gunia, akisema Ijumaa atakula nyumbani.

*

Ijumaa Adèle alipika sombe, yaani kisamvu, na ugali wa obundu, ikapoa. Jumapili alienda kwa Recteur baada ya misa.

"Maman, recherche inaombaka uvumilivu," alisema Abdias. "Kuna wenye banatafuta maisha yote."

"Mais yeye hakuenda kutafuta, Recteur. Alienda kuonyesha."

"Kumbe? Basi pengine amepata kitu ingine njiani."

Nyumbani, mama mkwe wake, Mama Germaine, alikuwa amekaa mlangoni na rozari. "Nilimwambia," alisema. "Mutoto wangu alisoma, alisoma, mpaka akasoma akapotea." Akafuta machozi kwa kitenge. Adèle akaona kwamba akikaa nyumba ile siku nyingine moja naye atashika rozari, na wakati huo mumewe anaweza kuwa amelala kwenye mtaro kati ya mteremko wa Kabasha na Beni. Vita vile vilikuwa vimeshachukua watu wenye akili na wasio na akili. Akamkamata kuku wao mkubwa, akampeleka kwenye redio.

Redio ya mji ilikuwa kilimani. Kule kwetu mtu akipotea, au mbuzi, au kitambulisho, unatoa tangazo, na mji mzima unajua. Mtangazaji, dada mmoja mnene wa sauti aliyeitwa Rébecca, alimpima kuku mkononi.

"Huyu anatosha wiki mbili, kila siku saa kumi na mbili ya mangaribi. Kiswahili na Kinande. Bwana anaitwa nani, na ana alama gani?"

"Zacharie Lusenge. Mwalimu wa Tekno. Murefu, chemise ya bleu. Anabeba frein ya chukudu ndani ya gunia."

"Frein ya chukudu? Iko hivyo?"

"Iko. Ni recherche yake. Andika na ile: étude ya frein ya chukudu mu milima ya Butembo. Yeye hutaja jina hilo lote, lazima likae lote."

Rébecca akaandika, akasoma kwa sauti, akakunja uso. "Tangazo bila zawadi iko sawa na mboga bila chumvi," alisema, akaongeza mwishoni kwamba atakayempata atapewa zawadi. Adèle hakubisha. Alimwangalia kuku wake akifungwa mguu kwenye kiti, akatoka.

Saa kumi na mbili jioni redio zote za Vulamba zilisema pamoja: "Anatafutwa! Anatafutwa Bwana Zacharie Lusenge!" Mama Germaine alisimama akapiga ishara ya msalaba. Adèle alilia kwa mara ya kwanza, kwa sababu jina la mume, likisikika hivyo kila nyumba, lilifanana na la marehemu.

Jibu lilikuja upesi. Msukuma chukudu aliyetoka Beni na makaa alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Maman, bwana yako niko nimemuona. Banamufungia mu cachot, quartier Beu, kwa askari. Banasema ni mutu wa kutafutwa sana."

*

Adèle alishuka Kabasha juu ya lori la magunia, bakuli la chakula mapajani. Kwenye bureau ya askari pale Beu walimfungulia bakuli kukagua kama lina bomu, na ukaguzi ukaendelea mpaka sombe ikabaki vidole viwili. Kisha wakamwingiza kwa Commandant Grady.

Grady alikuwa mtu wa jimbo la Équateur, mbali na kwao, mwenye adabu za kanisani na Kiswahili cha kuokota. Alimpa Adèle kiti.

"Maman, bwana yako ni mutu muaminifu," alisema. "Tala, angalia. Bengine tunabatafuta mwaka muzima. Yeye alikuya mwenyewe kwa barrière na mandat yake, karatasi ya kumukamata, mukononi. Elikia! Leta ile karatasi."

Askari Elikia, aliyemaliza shule ya msingi na kwa hiyo ndiye aliyesoma karatasi zote za kizuizini, akaileta. Akaweka kidole chini ya neno. "Re-cher-ché," alisoma, na ule mstari usiokuwepo aliutamka kwa furaha.

"Hapana recherché, chef," Adèle alisema. "Ni recherche. Bwana yangu hapana anatafutwa. Yeye njo anatafuta."

"Anatafuta nani?"

"Hapana mutu. Frein."

"Alipoteza frein?"

"Hapana alipoteza. Ilikuwa haiko bado."

Grady alimtazama Elikia, Elikia akatazama dari. "Donc anatafuta kitu yenye haiko," alisema Commandant polepole, "na hiyo ni kazi, na banamulipa?"

"Kulipa, chef, ile ni maneno ingine," alisema Adèle.

Zacharie akaletwa. Alikuwa na ndevu, bila mkanda wala kamba za viatu, na shati la bluu limekuwa la rangi ya sakafu. Adèle aliinuka. Alitaka kumshika uso, lakini Zacharie alikuwa ameshaanza kumweleza Commandant sarufi.

"Commandant, nilishabaambia. Chercheur ni actif, anatafuta. Recherché ni passif, anatafutwa. Ni tofauti kabisa!"

"Na mwenye iko ndani ya cachot ni nani," Grady akauliza, "actif ao passif?"

Zacharie alifikiri kwa haki. "Passif," alikiri.

"Boye, ni vile. Tena siye tulikuwa na doute," Grady alimgeukia Adèle. "Niliambia batu yangu: pengine anasema kweli, tumuache aende. Ile siku nilikuwa nataka kumuachilia, saa kumi na mbili, radio ya Butembo ikasema: Anatafutwa Bwana Zacharie Lusenge! Jina yake yote! Maman, radio haiwezi kudanganya. Hata kule banamutafuta."

Kikulacho ki nguoni mwako, na Adèle alikuwa amekilipia kwa kuku.

"Sasa mutamufanya nini?"

"Kesho asubuhi camion inapeleka batu yote ya cachot njia ya Oicha, ndani ya pori. Batabeba masanduku ya risasi."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja saa ya misa. Beni nzima ilijua lori lile. Lilikwenda limejaa na kurudi tupu, na wake wa waliopanda walikuwa wanajulikana sokoni kwa jinsi walivyoacha kuuliza bei. Adèle alimtazama mumewe, kama amesikia. Zacharie alikuwa amesikia. Lakini macho yalikuwa pembeni ya chumba, penye gunia lake.

"Commandant," alisema, "mulijaribu frein yangu?"

*

Nyuma ya bureau palikuwa na chukudu walichomnyang'anya mtu. Zacharie aliifunga breki yake, akiomba mara waya, mara nyundo, na askari wakamletea, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuona kitu kikifungwa asitake kujua kitafanya nini. Grady akatoka na kiti chake. Mteremko wa Beu ulikuwa mbele yao, na chini kabisa mama mmoja alikuwa amekaa nyuma ya beseni la unga wa mandazi.

"Elikia, panda," alisema Commandant.

"Mimi, chef?"

"Weye njo unajua kusoma."

Elikia akajiweka bunduki mgongoni, akapiga goti kwenye ubao, akateremka. Chukudu kikalia, kikashika mbio, mbuzi wakaruka mtaro. "Vuta! Vuta!" Zacharie alipiga kelele akikimbia nyuma yake, na mlinzi wake akikimbia nyuma ya Zacharie. Elikia akavuta. Chukudu kikasimama pale pale, wima, kama mtu aliyekumbuka kitu. Elikia hakusimama. Alipita juu ya pembe, bunduki ikibaki hewani nyuma yake, na akaingia kwenye beseni kwa kichwa.

"Ee Mungu, unga yangu!" alilia yule mama.

"Imesimama!" Zacharie alipiga kelele kuliko yeye. "Adèle, uliona? Imesimama kabisa! Nipe kalamu! Nani iko na kalamu?" Alikuwa anaruka, suruali ikimshuka. Adèle alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia. Hakuwa amewahi kumwona mumewe mwenye furaha namna ile, hata siku ya harusi, na alishindwa kuamua kama hilo lilimfurahisha au lilimuuma.

Grady alipiga makofi. "Frein iko muzuri. Tatizo ni mutu. Frein tunachukua kwa jeshi." Kisha akakumbuka. "Mais bwana anabaki. Radio ilisema."

Jua lilikuwa linashuka. Adèle aliona lori la Oicha tayari limeegeshwa uani, na watu wawili wakilijaza mafuta kwa mpira. Hakuwa na kuku mwingine wala maneno mengine ya Kifaransa. Ila neno moja likamkaa kichwani: anatafutwa.

"Chef, radio ilisema ni nani njo anamutafuta?"

"Anatafutwa tu. Tukisikia vile tunazima, juu ya pile. Pile biko ngumu kupata."

"Leo usizime."

Commandant alikuwa mtu wa haki, ilimradi haki haimalizi betri zake. Alifikiri, akaagiza redio. Wakakaa wote uani kuizunguka, Elikia na nywele nyeupe za unga. Saa kumi na mbili ikafika, na sauti nene ya Rébecca ikatoka.

"Anatafutwa! Anatafutwa Bwana Zacharie Lusenge, mwalimu wa Tekno, mutu wa recherche..."

"Unasikia?" alisema Elikia.

"Nyamaza," alisema Commandant.

"...mwenye kufanya étude ya frein ya chukudu mu milima ya Butembo. Anatafutwa na bibi yake, Maman Adèle wa Vulamba. Mwenye kumuona amulete kwa bibi yake. Atapewa zawadi."

Grady alizima redio, akasimama, akaweka kofia yake sawa.

"Maman Adèle wa Vulamba ni nani?"

"Ni miye, chef."

"Donc service yenye inamutafuta... ni weye?"

"Ni miye peke yangu."

"Na siye tumemupata." Uso wa Commandant uling'aa. Akawageukia askari wake. "Munaona? Operation imefaulu! Elikia, mupe Maman mutu wake." Askari wakapiga saluti. Adèle alishika mkono wa Zacharie kwa nguvu, akaanza kumvuta kuelekea lango.

"Maman," Grady aliita. "Zawadi."

Adèle akafungua bakuli, akamwonyesha vidole viwili vya sombe. Grady akatikisa kichwa. Adèle akafungua kitambaa chake cha kichwa. Grady akatikisa kichwa tena, kwa heshima. Kisha macho yake yakaenda kwenye chukudu.

"Nilisema jeshi inachukua. Mais mwizi siko, Maman, miye niko mukristo. Zawadi inapewa na moyo. Prof, toa frein, hii iwe zawadi, na weye uende kwako. Unakubali?"

Wote wakamtazama Zacharie. Naye akaitazama breki. "Commandant," alisema taratibu, "hakuna ingine. Mipimo yote iko ndani yake. Kama ungenipa muda kidogo tu ya kuichora..." Alikuwa anafikiri. Lori la Oicha lilikuwa linajazwa mafuta nyuma yake, mke wake aliyeteremka Kabasha juu ya magunia alikuwa amemshika mkono, na mwanaume alikuwa anafikiri. Adèle alisikia ule mkono ndani ya mkono wake, haukukaza wala haukujitoa. Kilimwingia kitu baridi ambacho vita vyote vile havikuwahi kumtia.

Akamwachia. Akaenda mwenyewe kwenye chukudu.

"Ressort, hii springi, ni ya kitanda yangu," alisema. "Kitanda ni ya baba yangu. Yeye hana cha kukubali. Chef, miye njo natoa."

"Na moyo?"

"Na moyo."

*

Butembo iliwapokea kwa nderemo. Mama Germaine alimshika mwanawe masikio kuhakikisha ni yeye. Mtu aliyeambulia hasara ni Recteur Abdias, kwani siku ya mwisho ya kupeleka production ilikuwa imekaribia na breki ilikuwa mikononi mwa jeshi. Alikuja, akakaa, akakataa chai, akapiga paji la uso. Saa kumi na mbili ikafika.

"Anatafutwa! Anatafutwa Bwana Zacharie Lusenge..."

"Bado banasoma?" Abdias alishangaa.

Zacharie alikuwa ameshaenda kilimani kuwaomba wanyamaze. Rébecca alimjibu kwamba kuku wameshamla, na tangazo lililoliwa lazima lisomwe mpaka wiki zake ziishe. Redio haidhulumu mtu. Kwa hiyo kila jioni watoto walimpungia mkono: "Mwalimu, unatafutwa!" Na askari mmoja wa kupita alikuwa ameshamsimamisha tena.

Abdias alisikiliza mpaka mwisho, kidole juu. Kisha akainuka polepole.

"Jina ya chercheur iko. Jina ya chuo iko. Titre ya recherche iko, yote muzima. Imetoka mara nyingi, mu luga mbili, na ilifika mpaka Beni." Sauti yake ilitetemeka. "Zacharie! Tuko na publication!"

Wakaipeleka. Idara ilijibu kwa muhuri mwekundu kwamba Tekno ndicho chuo pekee ambacho kazi zake za kisayansi zinajulikana hata na jeshi, kiendelee. Kwa kuwa mwenye kutoa tangazo ni Adèle, ndiye aliyewekwa mwandishi wa kwanza. Zacharie akawa wa pili, na kwa siku kadhaa hilo lilimuuma. Baadaye msukuma chukudu yule yule alileta habari kwamba kule Beu kuna chukudu cha Commandant kinachosimama penye mteremko, na kwamba watu huiita breki yake Zawadi.

"Na mvua ikinyesha?" aliuliza Zacharie, akisogea. "Inasimama vilevile?"

Adèle alimtazama alivyosogea. Akaingia chumbani kutandika.

Jioni ya tangazo la mwisho, Zacharie alimfuata pale pale, akasimama mlangoni. Kutoka kwa majirani sauti ya Rébecca ilikuwa inasema mwenye kumwona amlete kwa bibi yake, atapewa zawadi.

"Adèle," alisema, "banasema kuku imekwisha leo. Rébecca anauliza kama tuandike ya mwisho, ya kusema nilipatikana. Hiyo ni bure. Nibaambie ndiyo?"

Adèle alichukua mto wake, akauweka upande wa mlima. Akachukua wa mumewe, akauweka bondeni, kwenye shimo, akaupigapiga ukae.

"Hapana," alisema. "Baambie bibi yake iko bado mu recherche."

Kisha akavua viatu, akapanda upande wake mpya, akajifunika.